Pamba Yenye Mafuta Haishindiliwi

Wenzangu wa karakana, mlipoanza kunisukuma kwenye lile kundi letu la simu niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, nilicheka. Kusahau bado. Nimekaa nyumbani hapa Bariadi miezi minne tu tangu nistaafu, na tayari nimeshatengeneza rafu tatu ambazo hakuna aliyeziomba. Mume wangu amenipiga marufuku kugusa mlango wa jikoni, ambao kwa maoni yangu umepinda.

Vyeo na mishahara siandiki. Hayo yamo kwenye faili langu, na anayetaka kujua nilivyopanda daraja akalisome. Atasinzia kabla ya ukurasa wa pili. Nitaandika juu ya kutu, mafuta ya kupaka vyombo vya useremala, na mzee mmoja aliyenifundisha vyote viwili. Kuna jambo pia ambalo nimelificha tangu mwaka wangu wa sita kazini, na nimechoka kulibeba.

Niliripoti kwenye chuo chetu kidogo cha ufundi nikiwa na cheti kipya na viatu vipya, mwanamke wa kwanza kufundisha useremala pale. Nilitoka Maswa, ambako baba yangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mkuu wa chuo, bwana mmoja kutoka Mbeya aliyependa kila kitu kiwe na karatasi yake, alinikabidhi kwa fundi wa karakana. Huyo alikuwa Mzee Nkwabi, mtu wa Mwandoya, aliyeishia darasa la nne na kuanza maisha kwa kuchonga nira na mikokoteni ya ng'ombe. Yeye ndiye aliyetunza stoo ya vyombo. Walimu walikuja wakaondoka, yeye akabaki na funguo.

Nilidhani ataniuliza kama najua kupiga randa. Hakuuliza. Alinipa patasi moja, kipande cha pamba, na chupa ya mafuta mazito ya rangi ya asali.

"Mayu, hebu ifute hiyo," alisema. Mayu kwetu ni mama, na ndivyo mwanamke anavyoitwa kwa heshima hata akiwa na miaka ishirini na kitu.

Nikamimina mafuta, nikapaka mpaka patasi ikang'aa. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Mzee Nkwabi aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hapa unaitunza au unaikaanga?"

Akachukua pamba nyingine kavu, akafuta yale mafuta yote niliyopaka, taratibu, bapa na makali, mpaka nikaona kazi yangu yote imeishia kwenye pamba. Chuma kilionekana kikavu kabisa. Ndipo akachovya kidole kwenye ndoo ya maji, akadondosha tone moja juu ya ile patasi. Tone halikutandaa. Lilijikunja likawa duara, likateremka mpaka chini bila kuacha alama, kama linavyofanya kwenye jani la magimbi.

"Ukiyaona mafuta, ni mengi," alisema. "Yanayolinda ni yale usiyoyaona."

Nilikuwa nimesoma miaka miwili chuoni na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha jambo hilo. Niliomba nidondoshe tone mimi mwenyewe. Nikarudia mara tano, na kila mara nilishangaa upya. Patasi yenyewe ilikuwa na umri kunizidi, ilikuwa yake binafsi, moja kati ya nane alizoachiwa na fundi aliyemfundisha. Masika yote ilikaa kwenye stoo ya bati inayovuja, na haikuwa hata na doa.

Mafuta yale yalikuwa ya nyonyo. Mkewe aliyakamua nyumbani kama bibi zetu wote walivyofanya: mbegu zinakaangwa kidogo, zinatwangwa, zinachemshwa kwenye maji mengi, na mafuta yanaelea juu unayaengua. Mnyonyo unaota wenyewe nyuma ya kila choo cha Usukuma. Mbegu zake mbichi zikiliwa na kuku, huyo kuku umempoteza, na mtoto asizisogelee kabisa. Mpaka leo sielewi vizuri jinsi kitu chenye sumu namna ile kinavyotoa mafuta ya kumpaka mtoto mchanga na ya kulinda makali ya randa. Wakati ule wengine walitumia oili chafu ya magari, ambayo inalinda chuma sawasawa ila inaacha ubao wa mninga na madoa meusi, na fundi unarudi nyumbani unanuka gereji. Mafuta ya mashine ya dukani yalitoka mbali na yalikwisha kabla ya muhula. Nyonyo tulikuwa nayo bure.

Miaka yangu ya kwanza ilikuwa ya kujifunza mafuta gani yanakwenda wapi, na nilijifunza kwa kukosea. Siku moja nilibeba dumu la mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, nikifikiri nimevumbua kitu. Yana chumvi na maji yale, jamani. Misumeno ilishika kutu ndani ya wiki moja, karakana ikanuka kama kibanda cha stendi, na panya wakatafuna mipini ya patasi kumi na mbili. Mzee Nkwabi alizipanga zile patasi mezani, akaniambia panya wameniandikia ripoti.

Mwaka mwingine mafuta ya nyonyo yalipungua, nikapaka randa zote kwa alizeti kabla ya likizo ya Desemba. Nilipaka kwa mkono wa ukarimu. Januari tuliporudi hakuna randa iliyoteleza. Mafuta yalikuwa yamegeuka utomvu wa njano, visu vimenata ndani ya miili yake, na tulitumia siku mbili kuyakwangua kwa majivu na mafuta ya taa. Ndipo nilipoelewa kwamba kuna mafuta yanayokauka na kuna yasiyokauka. Nyonyo haikauki, kwa hiyo ni ya chuma. Alizeti na pamba hukauka polepole, kwa hiyo ni ya mipini: unapaka kwa wembamba, unafuta, unaning'iniza kivulini siku tatu, unarudia. Mpini uliotunzwa hivyo haupasuki kiangazi na hautelezi mkononi ukitoka jasho.

Tulipokwenda Kalemela, kule Busega, kutengeneza madawati ya shule moja, niliona nguvu ya unyevu wa ziwa. Vyombo vya mafundi wenyeji vilivyolala bila kufutwa viliamka vyekundu. Vyetu viliamka kama vilivyolala. Fundi mmoja wa pale aliupapasa msumeno wetu pande zote mbili akaniuliza ni dawa gani tumeuchanja. Nilimwambia nyonyo. Hakuniamini.

Desturi moja ya Mzee Nkwabi sikuielewa. Kila jioni pamba iliyotumika kufutia aliichambua vipandevipande na kuitandaza juu ya ua wa minyaa, kama mtu aanikaye nguo za mtoto. Asubuhi aliikusanya ikiwa imekauka akaipeleka nyumbani kuwashia moto. Nilimuuliza kwa nini asiiweke tu kwenye boksi. Akasema ndivyo fundi wake alivyofanya. Nilichukulia ni usafi wa kizee, nikaacha.

Sasa nafika kwenye mwaka wa sita.

Ilikuwa Juni, wiki ya kufunga muhula. Alhamisi Mkuu alimwita Mzee Nkwabi pale karakanani, mbele yangu, akamwambia kwamba kuanzia Julai stoo itapokelewa na mtunza stoo mwenye cheti, na yeye atahamishiwa getini kuwa mlinzi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na waraka mkononi na aliutii. Mzee akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Afadhali viteketee vyote kuliko kumkabidhi mtu asiyejua kuvifuta."

Mkuu aliyasikia. Nami niliyasikia.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuvipaka vyombo vyote mafuta kwa ajili ya likizo. Nyonyo ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na dumu la mafuta ya pamba ambayo hayajasafishwa, meusi, niliyoletewa kutoka kwenye mashine ya kukamulia kule Maswa. Mzee Nkwabi alikuwepo asubuhi, lakini saa sita alipata habari ya msiba wa shemeji yake akaondoka. Aliponiaga nilikuwa nimechuchumaa ndani ya stoo kwenye jiko la mkaa, nachemsha gundi.

Tulifanya kazi mpaka saa kumi, mimi na wanafunzi. Tulifuta chuma kwa pamba kavu, tukapaka mipini, tukafuta tena. Jiko nililizima kwa maji, nikachokora majivu kwa kijiti kuhakikisha. Ikabaki pamba iliyotumika, lundo zima, imelowa mafuta. Nikaona ni ubadhirifu kuitupa. Muhula ujao itafaa. Nikachukua gunia. Na sisi watu wa pamba, mkitupatia gunia na pamba, miguu yetu inajua yenyewe la kufanya. Tangu watoto tunaingia ndani ya gunia na kuruka mpaka pamba ishikane, maana gunia lisiloshindiliwa ni aibu. Nilivua viatu, nikalishindilia mwenyewe. Wanafunzi walipiga makofi. Nikalifunga, nikaliegemeza kwenye kona ya stoo, chini ya bati, nikafunga mlango na kwenda zangu.

Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, stoo ikawaka.

Nilifika bati limeshaanguka. Randa, misumeno, keekee, vyote. Chuma hakikuungua, lakini kilipoteza ugumu wake. Tulipochokora majivu tulikuta visu vya rangi ya bluu ambavyo ungeweza kuvikunja kwa koleo. Patasi nane za Mzee Nkwabi zilikuwemo. Mipini ilikuwa imekwisha, zimebaki ndimi za chuma zisizo na kazi. Nililia bila kujificha.

Mji uligawanyika. Wengine walisema mzee amechoma kwa hasira. Wengine, kwa kuwa hakuna aliyeonekana akiingia wala kutoka na mlango ulikuwa umefungwa, walisema moto usio na mwashaji una mwenyewe, na wanajua ni mzee gani mwenye macho mekundu anayekaa peke yake na vyuma siku nzima. Mnaijua nchi yetu. Neno la uchawi likitua juu ya mtu mzima, halimuondoi kazini tu. Linaweza kumuondoa duniani.

Nami niliamini nini? Nilikuwa na hakika na jiko langu. Niliyakumbuka maneno ya Alhamisi. Jumatatu asubuhi nilipomkuta amesimama kwenye majivu nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ni yeye. Nilijiambia hasira hasara, mzee wa watu amechoma hata patasi zake.

Mchana ule Mkuu alituita ofisini. Aliniuliza kwanza mimi kama Alhamisi mzee alikuwa na hasira. Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema, "Ndiyo, alikuwa na hasira." Kisha akamuuliza Mzee Nkwabi ni nani aliyefunga karakana Jumamosi.

"Mimi," alisema. "Nilitoka msibani jioni, nikapita. Mwalimu Kabula huyu alikuwa ameshaondoka, kila kitu kiko salama. Nilikuwa peke yangu."

Niliwaza: basi alirudi, amejitaja mwenyewe. Sikusema neno. Mkuu aliandika. Akasema bodi ya chuo itakaa baada ya wiki tatu, na kama hakuna maelezo mengine jambo litakwenda polisi. Mzee alisimamishwa kazi, lakini kila asubuhi alikuja kukaa nje ya geti, akitazama upande wa karakana. Nilimpita nikienda na nikirudi.

Wiki ya tatu nilikwenda Maswa kumsaidia baba kuvuna. Ilikuwa alasiri, nimo ndani ya gunia, narukaruka, pamba nyeupe kavu imenifika magotini. Nikahisi ubaridi chini ya nyayo. Pamba kavu ina ubaridi fulani mzuri, anayeijua anaujua. Nikasimama ghafla. Baba akauliza kama nimechomwa na mwiba.

Gunia la Jumamosi lilikuwa la vuguvugu. Nilikuwa nimelihisi. Nilipolishindilia, miguu yangu iliona joto, nami nikafikiri ni joto la kuruka. Nikamsimulia baba. Baba hakushangaa hata kidogo.

"Pale kiwandani matambara ya mafuta hatukuruhusiwa kuyalundika," alisema. "Nyapara alikuwa anapita anatandaza. Ukilundika, yanajichemsha."

"Yanajichemsha na nini, baba?"

"Na nani ajuaye? Yanajichemsha."

Nilirudi Bariadi siku ileile. Uani kwangu nilitwaa pamba, nikailoweka kwenye mafuta ya nyonyo niliyonunua kwa mama mmoja sokoni, nikashindilia nusu gunia, nikaliweka juani chini ya bati. Nikangoja. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nilitia mkono ndani, ni ubaridi tu. Bodi ingekaa keshokutwa yake. Nilikaa kwenye kizingiti nikijiona mjinga, mpaka nilipokumbuka kuwa Jumamosi ile hatukuwa na nyonyo. Tulitumia mafuta ya pamba, yanayokauka. Niliyaendea mbio kulekule Maswa.

Asubuhi ya tatu nililoweka pamba kwa mafuta yale meusi, nikaifuta kwenye mbao ili yabaki kidogo kama tulivyofanya, nikashindilia. Saa nne nilitia mkono: vuguvugu. Saa sita: kama uji. Saa saba sikuweza kuuacha mkono ndani. Hakukuwa na mkaa, hakukuwa na kiberiti, hakukuwa na mtu ila mimi. Nililibomoa lile gunia haraka, nikaitandaza pamba mchangani, na ikapoa palepale. Nimeona mambo mengi kazini, lakini sikuwahi kuona kitu kilichokufa kikipata homa.

Siku ya bodi niliomba ruhusa nionyeshe jambo. Walikuwa wanne: Mkuu, padri, afisa elimu mmoja, na mwenyekiti wa bodi aliyekuwa na ng'ombe wa kupeleka mnadani na aliyetukumbusha hivyo mara kwa mara. Nilishindilia gunia mbele yao asubuhi, nikaliweka katikati ya uwanja wa chuo, mahali patupu, nikaegemeza mabati matatu juu yake. Pembeni niliweka ndoo za maji na mchanga. Niliwaomba mtu yeyote asilisogelee, pamoja na mimi.

Walikaa kivulini. Saa tano mwenyekiti aliangalia saa. Saa saba Mkuu alinijia, akasema kwa upole, "Mwalimu, watu wana kazi." Nikamwomba anivumilie. Mzee Nkwabi alikuwa amesimama nyuma ya wote, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakuniangalia. Nilijua kwamba gunia hilo likikaa kimya mpaka jioni, mzee yule kesho ataondoka pale na askari, na huko kijijini kwao watamalizia wengine. Sikumbuki kuomba Mungu kwa namna ile tena, hata nilipojifungua.

Saa nane na ushee harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Padri ndiye aliyeisikia kwanza. Kisha uzi mmoja wa moshi ukatoka kwenye mshono wa gunia, mwembamba, ukapanda wima. Moshi ukawa mnene. Mkuu aliinuka, akasimama, mdomo wazi. Nikachukua fimbo ndefu, nikachana gunia ubavuni: ndani ilikuwa nyeusi, na katikati ya weusi palikuwa na jicho jekundu. Hewa ilipoingia likafumbuka. Moto ukaruka juu ya mabati.

Padri alipiga ishara ya msalaba. Mwenyekiti aliwasahau ng'ombe wake. Mimi niliyelitengeneza gunia lile nilirudi nyuma kama wengine, nikiwa na hofu ambayo haikuwa hofu ya kuungua. Mafuta yaleyale tunayopikia, pamba ileile iliyotulea, miguu yangu mwenyewe, na moto umetoka humo bila kuitwa na mtu. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa kemia alinieleza kuwa mafuta yakikauka hunywa hewa na kutoa joto. Kwenye mpini joto hilo linapotea, kwenye lundo halina pa kwenda. Nilimwelewa. Mshangao haukupungua.

Tulipozima nikasema mbele yao wote, "Gunia la siku ile nililishindilia mimi, nikaliweka stoo mimi. Mzee Nkwabi hahusiki."

Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Mzee alirudishwa kazini, na Mkuu, nampa haki yake, alirarua ule waraka wa kumhamishia getini, akamwachia funguo mpaka alipozeeka. Habari za uchawi zilikufa kwa sababu watu wengi walikuwa wamepanda juu ya ukuta kuangalia. Na tangu siku ile mmeona sheria yangu ya kwanza kwa kila mwanafunzi: pamba au tambara lenye mafuta linatandazwa uani, au linakaa kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko. Wengine wenu mlinong'ona kwamba nina kichaa cha matambara. Nilisikia.

Jioni ile Mzee Nkwabi alinikuta kwenye mti wa kufungia baiskeli.

"Wabeja, mayu," alisema. Ahsante. Kisha akacheka kidogo. "Mimi nilidhani ni jiko lako la gundi."

Sikumwelewa. Nilimuuliza jiko lina nini, wakati yeye ndiye aliyerudi jioni akakuta kila kitu kiko salama.

"Sikurudi," alisema. "Nilitoka msibani Jumapili, moto umeshakwisha."

"Sasa kwa nini ulisema ulikuwa peke yako?"

"Mimi chakula cha kazi nimeshakula, mayu. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unanawa mikono. Na wewe ni mwanamke wa kwanza hapa. Wangesema, mnaona, tumempa mwanamke karakana ameichoma."

Nililia tena, mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, jambo ambalo si kawaida yangu. Lakini sikumwambia lile nililopaswa kumwambia: kwamba wakati yeye ananikinga, mimi nilikuwa nimeshamtia hatiani, na uongo wake wa kunifunika niliuhesabu kuwa ushahidi dhidi yake. Nilimshukuru tu. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine kumi na zaidi, nikamuaga kwa sherehe, nikamtolea hotuba nzuri, na neno lile sikulisema.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwandoya. Yupo, hajui mwaka aliozaliwa na hataki kubahatisha. Macho yamefifia, mikono bado ina nguvu. Alinishika kiganja akakipapasa, akasema bado nashika randa kwa dole gumba. Tulikaa mlangoni kwake. Nikamweleza yote, kuanzia Alhamisi ile mpaka ofisini kwa Mkuu, na jibu langu kwamba alikuwa na hasira. Nilisema kwa haraka, kama mtoto.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje, baba?"

"Jumatatu asubuhi, kwenye majivu. Ulinisalimia umesimama."

Sikuwa nakumbuka. Kwetu mwanamke hamsalimii mtu wa umri wa baba yake bila kupiga goti, na tangu siku ya kwanza kazini sikuwahi kumsalimia vingine, hata nikiwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi ile nilisimama wima. Aliona, akaelewa namfikiria nini. Na mchana uleule, akilijua hilo, aliingia ofisini kwa Mkuu akasema alikuwa peke yake.